Walioniita profesa wako wapi? Nimevuka baridi ya tatu!

Juzi kuna msomaji kaniandikia, "Kaka, mbona kijiji changu kwenye Going Medieval kinakufa kila baridi na teknolojia nimefungua kibao?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ni mimi mtupu wa miezi kadhaa nyuma.

Kwa asiyeijua, ni gemu ya kompyuta ya kujenga kijiji cha zama za kati, hadithi inaanzia 1346, tauni imefagia asilimia 95 ya watu, wewe unatupwa porini na watu watatu haya jenga. Mimi kwa ujuaji wangu nikakimbilia meza ya utafiti, nikawakalisha wote watatu, kazi ni kuandika vitabu tu asubuhi mpaka usiku, maana humo vitabu ndo vinafungua teknolojia, kila kitabu kikitoka nafurahi kama nimepata mtoto. Nikafungua kilimo, nikapanda vikabichi viwili vitatu vya kuzugia, nikarudi mezani. Samani, nguo, pombe, nafungua tu, hadi vitu ambavyo sina hata malighafi yake!

Joto lilivyokuja chakula kikaoza, chumba cha chini ya ardhi sijachimba. Baridi ikaingia, shamba likafa, na wasomi wangu wakafuata mmoja mmoja kwa njaa, wamezungukwa na vitabu. Nikamtumia rafiki yangu skrinshoti nikidhani atanipa pole, wapi, mpaka leo ananiita profesa. Iliniuma jamani, sitadanganya.

Mara ya pili nikalima vizuri ila vitabu nikaviacha nje, mvua ikavipiga vikaanza kuharibika. Vitabu kwenye hii gemu ni mali kama kuni na mawe, vinataka paa na rafu. Sasa hiyo nayo mtu anahitaji kuambiwa? Mimi nilihitaji.

Safari hii utafiti nimempa mtu mmoja tu, yule mwenye skili kubwa ya usomi, wengine wanalima, wanachimba, wanapika. Kilimo kwanza, halafu kuhifadhi chakula, na stoo nimeichimba chini kabisa kwenye ubaridi. Nikifungua kitu nakijenga kwanza ndo nafungua kingine. Inaenda polepole, inaboa, ila watu wanakula.

Na nyie mnaofungua teknolojia ili mkapost picha ya ukurasa umewaka wote, nawaambia ukweli, ule ukurasa hauliwi! Utafiti ni wa mtu mmoja, narudia, mmoja, wengine waacheni walime. Mnataka silaha nzito wakati stoo ina karoti nne, maharamia wakija watamuua nani, si mtakuwa mmeshakufa?

Haya, nimevuka baridi tatu, hakuna aliyekufa njaa, na vitabu vya daraja la pili vimeshaanza kutoka. Yule rafiki jana kaniomba faili langu la sevu aone nimepangaje stoo. Nimemwambia profesa yuko bize.