Chubwi Jikoni: Nilivyojifunza Kuwalinda Watoto na Sumu ya Risasi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasulu aliniandikia kwamba anataka kujitolea kuwaelimisha wazazi kuhusu sumu ya risasi, yaani ile metali iliyomo ndani ya betri, akaniuliza aanzie wapi. Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona nimemdhulumu, kwa sababu jibu la kweli ni refu na sehemu yake ingali inaniuma.

Nilianza kazi hii katika mtaa mmoja wa wavuvi hapa Kigoma Ujiji. Nilikuwa nimesoma habari za Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 watoto wanaokadiriwa kufikia 400 au zaidi walifariki baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa karibu na makazi yao, na habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu. Kisha katika nyua mbili tatu za mtaa wetu nikaona betri zilizochoka za taa za kuvulia dagaa zikivunjwa, na risasi yake ikiyeyushwa kwenye jiko la kupikia ili zitengenezwe chubwi, yaani vipande vizito vya kuzamishia nyavu, huku watoto wakichezea majivu.

Niliitisha mkutano nikiwa na hasira, na nikawaambia wazazi wale kwamba wanawaua watoto wao. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umekuja kutuita wauaji, nyavu zetu utazizamisha kwa kitu gani?" Akaondoka, na wenzake wakamfuata. Siku chache baadaye kiongozi mmoja aliniambia mbele za watu kwamba sisi wa kujitolea tunatafuta posho. Sikuwa nimepokea hata nauli, na neno hilo sijalisahau.

Nilirudi kwa yule mzee, safari hii bila karatasi. Kwa muda wa majuma matatu nilikaa naye akishona nyavu, nikamuuliza habari za kazi yake kabla ya kumweleza habari za kwangu. Aliponiuliza mwenyewe kwa nini mtoto adhurike na mtu mzima asidhurike, ndipo nilipomweleza kwamba mtu mzima naye hudhurika, ila mwili wa mtoto unaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi, kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto aliyedhurika ubongo anaweza kuonekana mzima kabisa hadi damu yake ipimwe. Mkewe, aliyekuwa akianika dagaa, alimwita mjukuu wao aondoke penye majivu. Jioni ile mzee alinikumbusha kwamba baba yake alizamisha nyavu kwa mawe.

Mwezi uliopita wavuvi saba wa mtaa ule walikubaliana kutoyeyusha tena risasi nyumbani, na betri zao kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu zikiwa nzima. Mzee ndiye aliyezungumza, kwa Kiha, na mimi niliketi nyuma nikiwa na fahari ambayo siwezi kuificha.

Ndugu zangu mnaotaka kujitolea, sikilizeni kwanza. Ukimkuta baba anayeishi kwa betri, usimwambie aache kazi. Mwombe aifanyie mbali na watoto, aoge na abadilishe nguo kabla ya kumpakata mwanawe. Mama mwombe apige deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi likiwa kavu, awanawishe watoto mikono kabla ya kula, na awape dagaa na mboga za majani, kwa kuwa mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi. Mtoto unayemshuku mpeleke zahanati, ueleze wazi kinachofanyika uani kwao, maana mhudumu asipoelezwa hatafikiria risasi. Na msikilize tena, hata kama wewe ndiwe uliyesoma.

Kwako msomaji wa Kasulu: huko hakuna ziwa wala chubwi, lakini mafundi betri wapo. Kaa kwenye benchi la mmoja wao wiki nzima, utazame watoto wake wanachezea wapi, kisha uniandikie.