Kwa nini kocha anawapeleka mabinti kwa vigogo mwezi Agosti

Mzee wangu, shikamoo. Umeuliza kwa nini timu ya wavu ya binti yako, chuo kidogo huko Marekani, inafungua msimu kwa mechi tatu na vigogo badala ya kuanza na vibonde ili wapate moyo. Nilikuwa libero, yaani mchezaji wa ulinzi wa nyuma, kwenye chuo cha namna hiyo misimu minne, na jibu lake nililipata kwa machozi.

Mwaka wangu wa tatu tulishinda mechi 25. Agosti na Septemba tulicheza na vibonde watupu, karibu zote nyumbani. Kisha tukapoteza fainali ya konferensi yetu, yaani ligi ya vyuo vya kundi letu, seti ya tano, 15-13. Bingwa wa konferensi huingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya timu 64. Waliobaki huchaguliwa na kamati. Jumapili ya kutangazwa majina tulikaa sakafuni mbele ya runinga, nahodha ameinua simu arekodi shangwe. Majina yakaisha. Mkono wake ulibaki juu, simu bado inarekodi.

Kilichotuangusha ni RPI, hesabu ambayo kamati huitazama kupima ubora wa timu. Robo yake ni asilimia ya ushindi wako. Nusu nzima ni asilimia ya ushindi wa wapinzani wako, na robo ya mwisho ni ya wapinzani wa hao wapinzani. Ukimfunga anayemaliza msimu na ushindi 5 na vipigo 23, ile nusu inakuelemea hadi Novemba. Tena mechi yenu wenyewe huondolewa kwenye rekodi yake, kwa hiyo kumfunga mpinzani mzuri hakukuharibii hesabu.

Timu ya Big Ten, konferensi ya vyuo vikubwa, haina presha hiyo, kwa sababu mechi zake 20 za konferensi zimejaa wazito. Sisi wadogo tulikuwa na wikiendi nne tu za kujijenga.

Lakini vigogo peke yao si dawa. Mwaka wa nne kocha alitafuta timu zitakazotawala konferensi zao ndogo. Timu inayomaliza 24-6 kwenye konferensi ndogo inakubeba kwenye ile nusu kuliko yenye jina kubwa iliyomaliza 15-15, na unaweza kuifunga. Kwa vile ratiba hupangwa mapema mno, alikuwa akichunguza nani anabaki na seta wake, yule anayewapangia wapigaji mipira, mwaka unaofuata. Kazi hiyo aliifanya kwa makini kuliko mazoezi yenyewe, na naamini alikuwa sahihi.

Kigogo tulimwekea nafasi mbili. Sevu yake ya kwanza ya kuruka ilinigonga mkono, mpira ukaruka hadi jukwaani. Tulifungwa 3-0. Lakini kufika Oktoba, sevu za konferensi yetu nilikuwa naziona zikija polepole, nachagua mguu wa kusogeza kwanza. Hata chuo kigogo cha Texas, mwaka 2023, walifungwa na chuo cha Long Beach State mwanzoni mwa msimu. Desemba wakaichapa Nebraska 3-0 wakatwaa ubingwa wa taifa.

Vipigo vitatu mfululizo ni vingi kwa mabinti wadogo, hapo nakuelewa kabisa. Ila kabla hujamlaumu kocha, muulize binti wanacheza na nani kwenye mechi zilizobaki kabla ya konferensi. Iweke orodha hapa, na rekodi zao za mwaka jana, nitaipitia nawe moja moja.