Maswali ya wasomaji: Maneno ya tetemeko la ardhi

*Redioni husema "kitovu cha tetemeko". Ndiko linakoanzia? (Msomaji, Shangani, Mtwara)*

Siyo hasa. Tetemeko huanzia chini, pale miamba inapokatika na kuteleza kwenye ufa. Kitovu ni sehemu ya juu, ya nchi kavu au ya bahari, iliyo wima juu ya chanzo hicho. Lile la usiku wa Agosti 12, 2020, kitovu chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam.

*Usiku huo shemeji yangu wa Dar alitoka mbio ghorofani. Mimi huku sikusikia kitu. Mbona tulitajiwa namba moja, karibu 6? (Msomaji, Ndanda)*

Hapa ndipo wengi tunapochanganya ukubwa na ukali. Ukubwa ni nguvu iliyotoka kwenye chanzo. Hukokotolewa kwa michoro ya mitambo, na tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu. Ukali ni mtikisiko uliokufikia wewe hapo ulipo, nao hutajwa kwa namba za Kirumi za kipimo cha Mercalli, I hadi XII. Ngoma ikipigwa, aliye kando yake kifua kinamdunda, aliye ng'ambo ya bonde anaisikia kwa mbali. Mpigaji ni yule yule.

Umbali si sababu pekee. Mchanga mlaini wa pwani hutikisika kuliko mwamba, na ukuta wa matofali mabichi usio na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hupasuka mapema. Mafundi wetu, msiiache lenta kwa kubana gharama!

*Kagera mwaka 2016 ilikuwa 5.9, Sumatra mwaka 2004 ilikuwa 9.1. Tofauti ni 3 na ushei tu? (Mwalimu, Newala)*

Mwalimu, namba hizi hazijumlishwi kama za dukani. Kila ukipanda hatua moja, nishati huongezeka takriban mara 32. Kwa hiyo lile la Sumatra lilitoa nishati zaidi ya mara 60,000 ya lile la Kagera.

*Mitetemo midogo inayofuata inaitwaje? (Msomaji, Nachingwea)*

Mitetemo ya baadaye. Huweza kuendelea kwa siku, hata miezi, basi msirudi kulala kwenye nyumba iliyopata nyufa.

*Tsunami ni tetemeko la baharini? (Mvuvi, Lindi)*

Hapana, kaka. Tsunami ni mawimbi, na mara nyingi huzuka tetemeko linapoinua au kushusha sakafu ya bahari. Maji ya kupwa, hata ya bamvua, unayajua saa zake. Yakikimbia ghafla nje ya saa hizo, au ardhi ikitikisika kwa muda mrefu ukiwa ufukweni, acha chombo, acha nyavu, panda mlimani na watoto.