Jibu: Mlinzi kupangiwa saa 12, siku sita kwa wiki

Mkuu, umeuliza kama mwajiri anaweza kumpangia mdogo wako lindo la saa 12, siku sita kwa wiki, kwa sababu tu alisaini mkataba. Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu, na haitakiwi kuvuka saa 50 ndani ya wiki nne. Makubaliano ya maandishi ya saa 12 kwa siku yanaruhusiwa kweli, ila mwisho siku tano, na muda wa kula umo humo humo. Sasa piga hesabu: hata ukitoa saa moja ya chakula kila siku, dogo anabaki na saa 66. Ziada ni 21 kwa wiki, 84 kwa wiki nne!

Hapo uliposema kupunguza saa ni anasa ya Wazungu, sikubaliani nawe kabisa. WHO (Shirika la Afya Duniani) na ILO (Shirika la Kazi Duniani) walionyesha mwaka 2021 kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35. Akipooza, anayemuuguza ni mama yenu, siyo kampuni. Iceland walijaribu saa 35 au 36 kwa wiki bila kugusa mshahara, wakiwemo watu wa zamu, na huduma hazikuyumba.

Atunze nakala za ratiba na hati za mshahara, aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) mapema. Madai ya namna hii yana siku 60 tu za kufunguliwa.