Nilikuwa na Tarehe ya Kuokoka

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayesoma makala zangu. Ameongozwa sala ya toba mara tisa. Kila akisikia mahubiri makali anainuka tena kwenda mbele, na akirudi kwenye kiti anajiuliza kama safari hii imeshika. Akamalizia hivi: "Dada, nitajuaje kwamba nimeokoka kweli?"

Sikumjibu usiku ule. Na mimi niliwahi kuulizwa swali hilo, tena mbele ya watu, na jibu nililolitoa linaniuma hadi leo.

Nimelelewa kanisani. Nilipookoka niliandika tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia yangu, chini ya jina langu, nikaipigia mistari miwili. Ushuhuda wangu ulikuwa mzuri, na niliutoa mara nyingi hadi nikajua ni wapi watu wataitikia amina. Baadaye nikapewa darasa la waongofu wapya, nikalifundisha miaka 6. Somo la kwanza lilikuwa lile lile kila mara: andika tarehe yako, na Shetani akija na mashaka, mwoneshe tarehe. Nililifundisha kwa moyo wangu wote. Wapo waliosimama katika imani kupitia darasa lile, na hilo hakuna anayeweza kuninyang'anya.

Miaka hiyo hiyo nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu. Bahasha ya michango ya safari ya injili ilikaa kwenye droo yangu. Nikabanwa, nikachukua kidogo, nikijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Kwenye daftari nikaandika kwa penseli kiasi kilichopaswa kuwemo, ili iwe rahisi kufuta. Nikachukua tena. Na tena.

Kinachonitisha nikikumbuka si ule wizi peke yake. Ni kwamba niliendelea kuomba, bahasha ikiwa hatua mbili kutoka magotini pangu, na nilikuwa nalia katika maombi. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini kwa miezi yote ile sikumwogopa Mungu hata siku moja. Niliogopa siku daftari litakapoitishwa.

Likaitishwa. Mzee mmoja wa kanisa alifunua kurasa polepole, akapitisha kidole pale ambapo kifutio kilikuwa kimeila karatasi hadi ikabaki nyembamba. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza, "Binti yangu, wewe umeokoka kweli?"

Nikamtajia tarehe. Siku, mwezi na mwaka.

Chumba kizima kilinyamaza. Nikajisikia, nikasikia jinsi jibu lile lilivyokuwa tupu. Nimeulizwa habari za Mwokozi, nami nimetoa habari za kalenda.

Jumapili iliyofuata nilitangazwa. Kunisimamisha walikuwa na haki. Kunisema kwenye kipaza sauti mbele ya watu niliowafundisha, wakati nilikuwa nimekwisha kukiri, sijaliona andiko lake, maana Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu, na kanisa linaambiwa pale mtu anapokataa kusikia. Nimesamehe. Lakini naandika haya ili viongozi wanaosoma walione.

Kipindi kilichofuata kilikuwa kirefu na sitakieleza chote. Niliacha kwenda ibada, nikabaki na Biblia, na kwa mara ya kwanza nikaisoma bila kutafuta cha kufundisha. Yakobo 2:19 ikanivunja: mashetani nao waamini na kutetemeka. Yaani mashetani wana mafundisho sahihi, na hofu wanayo. Mimi hata kutetemeka mbele za Mungu sikuwa nako. Nikaenda Matendo 8, nikamkuta Simoni mchawi: aliamini, akabatizwa, akafuatana na Filipo, kisha Petro akamwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Alipokemewa aliomba aombewe ili mabaya yale yasimpate. Hata hapo hakuomba moyo mpya. Nilijiona kama kwenye kioo.

Ila andiko lililonishika shingo liko Yohana 2, mwisho wa sura. Watu wengi waliamini jina lake walipoziona ishara, lakini Yesu "hakujiaminisha kwao". Katika Kiyunani kitenzi ni kimoja kote kuwili. Wao walimwamini, yeye hakuwaamini. Na Yohana, katika Injili yake nzima, hatumii hata mara moja nomino ya "imani" kwa Kiyunani. Anatumia kitenzi tu, karibu mara 100. Kuamini kwake ni jambo unalolifanya kwa mtu, leo na kesho. Halifungiwi kwenye bahasha.

Walimu wa Matengenezo ya Kanisa, yaliyozaa makanisa ya Kiprotestanti, walizoea kuigawa imani sehemu tatu: kuijua habari, kuikubali kuwa kweli, na kumtegemea Kristo mwenyewe. Mbili za kwanza nilikuwa nazo tele, ningeweza kuzifundisha usingizini. Ya tatu ndiyo sikuwa nayo. Nilikuwa nimeegemea imani yangu badala ya kumwegemea yeye ninayemwamini. Tofauti hiyo ni ndogo mdomoni, lakini ndiyo iliyomtenga mtoza ushuru na Farisayo katika Luka 18. Farisayo naye alimshukuru Mungu. Yule mwingine alikuwa na neno moja tu, "uniwie radhi mimi mwenye dhambi", na hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Nilifarijika sana nilipojua habari za John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Aliwekwa wakfu kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza mwaka 1728. Mwaka 1735 akavuka bahari kwenda Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika, kuhubiri. Njiani dhoruba ikawapiga, Waingereza wakapiga mayowe, Wamoravia, kundi la Wakristo wa Kijerumani, wakaendelea kuimba zaburi, na Wesley akaona kwamba wale wana kitu asichokuwa nacho. Ilikuwa tarehe 24 Mei 1738, katika kikao kwenye mtaa wa Aldersgate, London, alipojikuta anamtumaini Kristo peke yake kwa wokovu wake, moyo ukapata joto la ajabu. Watu hupenda kuishia hapo. Lakini Januari 1739 mtu huyo huyo aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye si Mkristo! Ule moto haukumtosha kuutegemea. Dada uliyeniandikia, nakuomba usome tena sentensi hiyo kabla ya kuinuka mara ya kumi kutafuta hisia.

Usiku ule kule Aldersgate kilikuwa kinasomwa kile alichokiandika Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo, kuutambulisha Waraka wa Paulo kwa Warumi. Luther huyo, mwaka 1522, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kwa kuwa aliona unasisitiza matendo. Na bado katika utangulizi ule wa Warumi alisema imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Basi Paulo na Yakobo hawagombani. Wote wawili wanainukuu Mwanzo 15:6. Ibrahimu alihesabiwa haki katika sura ya 15. Kisu cha kumtoa Isaka sadaka, kule Moria, alikishika katika sura ya 22. Anayeipeleka sura ya 22 kabla ya 15 anajichosha bure, hawezi kununua alichopewa. Na anayeishi katika sura ya 15 miaka nenda rudi, mlima wa Moria hataki hata kuusikia, na ajiulize anamwamini nani.

Mimi mlima wangu ulikuwa daftari. Niliuza kompyuta yangu, nikarudisha kila kilichochukuliwa na nyongeza juu, ingawa hakuna aliyedai nyongeza. Angalia sana hapa, mpendwa: sikurudisha ili nipokelewe. Zakayo alikuwa amekwisha kuitwa kwa jina na Yesu yuko nyumbani mwake ndipo akasema atarudisha mara nne. Nilipokuwa nahesabu zile noti mezani, mikono ilitulia. Miezi yote ya kuchukua, mikono ilikuwa inatetemeka.

Ndugu zangu, tumezaa kizazi cha watu waliorudia maneno baada ya mhubiri. Tunahesabu mikono iliyoinuliwa kisha tunakwenda zetu. Bwana anasema katika Mathayo 7 kwamba wengi watakuja na huduma zao, unabii na miujiza, naye atawaambia sikuwajua ninyi kamwe. Hakusema aliwajua akawasahau. Tubu! Acha kujificha nyuma ya kwaya, nyuma ya darasa, nyuma ya tarehe. Mtazame Kristo. Ukishindwa, mtazame Kristo. Ukianguka, usikae chini ukipima ukubwa wa imani yako, mtazame yeye. Mti ulio hai utazaa, pengine polepole, na wanaoishi nawe ndani ya nyumba wataona kabla yako.

Mwezi uliopita nimerudishiwa darasa la waongofu. Mzee yule yule ndiye aliyelipendekeza jina langu, ingawa habari ya kipaza sauti hajaigusa. Somo la kwanza nimelibadilisha.

Na wewe dada, sala ya kumi usiiombe. Yule baba wa Marko 9 alikuwa na mtoto anayegaagaa chini na imani iliyochanganyika na mashaka, akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na Yesu hakumrudisha akaombe upya vizuri zaidi, alimponya mtoto. Kama kuna kitu kwenye droo yako, kitoe leo. Kisha soma Yohana kuanzia pale mwisho wa sura ya 2 hadi Nikodemo afike usiku, uniandikie umeona nini.