Mteja akisema "tutawasiliana": namna ya kufunga kikao cha mauzo

Swali: Nauza mifumo ya umeme wa jua kwa shule binafsi za Arusha na Kilimanjaro. Vikao vinakwenda vizuri, mkuu wa shule anauliza maswali, chai inaletwa. Mwishoni ananiambia, "Sawa, tutawasiliana." Wiki inayofuata nikipiga simu, haipokelewi. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu muulizaji, simu haina kosa. Umeondoka pale bila tarehe. "Tutawasiliana" haisemi nani atafanya nini, wala lini, na mkuu wa shule mwenye wanafunzi mia sita ana mengine ya kumshughulisha.

Kama mmepewa saa moja, acha kueleza bidhaa ifikapo dakika ya 45. Weka katalogi pembeni, useme: "Mwalimu, tumebakiwa na robo saa. Naomba nihakikishe kama nimekuelewa." Kisha rudia shida yake kwa tarakimu alizozitaja mwenyewe: taa 40 za bweni la wasichana, pampu ya kisima, dizeli ya jenereta kila wiki. Akikusahihisha, shukuru, maana umeepuka kuandika proforma (hati ya bei kabla ya mauzo) isiyofaa.

Swali linalofuata ndilo wauzaji wengi huliogopa: uamuzi uko kwa nani? Usimwulize "wewe ndiye mwenye uamuzi?" Hata kama siye, hatapenda kukiri mbele ya mgeni. Uliza njia: "Manunuzi ya kiasi hiki hapa kwenu yanapitia hatua zipi?" Hapo ndipo utasikia habari za mmiliki, za bodi, za mhasibu anayetaka kotesheni tatu. Bodi ikikaa tarehe 14, hatua yako si kusubiri tarehe 15. Omba nusu saa na mhasibu tarehe 10 muipitie proforma pamoja, kwa sababu ndiye atakayeulizwa maswali wewe ukiwa haupo.

Sasa funga. Hatua moja, mtu mmoja, siku na saa: "Fundi aje Jumanne saa tatu asubuhi kupima paa. Atapokewa na nani?" Mwombe na yeye atoe kitu kidogo, kwa mfano stakabadhi za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za miezi mitatu. Ombi hili lina kazi mbili: unapata hesabu ya matumizi, na unampima. Anayekataa hata paa lake lipimwe, mara nyingi hana nia ya kununua, na ni heri ulijue leo.

Akisema "ngoja nifikirie", uliza: "Ni bei, ni betri, au ni muda wa kufunga mitambo?" Halafu nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, lakini ukikijaza kwa maneno unamwondolea nafasi ya kukuambia ukweli.

Kosa linaloua biashara nyingi hutokea mlangoni: mteja anakusindikiza, nawe unapunguza asilimia 10 bila kuombwa. Amejifunza kwamba bei ya kwanza haikuwa bei, kwa hiyo atasubiri ya tatu. Ukipunguza, upate kitu: malipo ya awali makubwa zaidi, au mabweni mawili yafungwe kwa pamoja.

Ujumbe wa WhatsApp uende siku ileile, mfupi:

"Habari za jioni, Mwalimu. Asante kwa kikao. Tulivyokubaliana: fundi atakuja Jumanne saa tatu asubuhi kupima paa, atapokewa na matron. Mhasibu atanitumia stakabadhi za LUKU kesho. Proforma nitaileta Ijumaa, nasi tutaipitia na mhasibu tarehe 10."

Proforma yenyewe ionyeshe kama VAT imo au haimo, na bei inadumu siku ngapi. Mhasibu ataanzia hapo.

Tarehe ikipita bila jibu, usiandike "nakukumbusha tu". Peleka kitu kipya, mfano vipimo vya paa, au uliza waziwazi: "Je, suala hili limesogezwa hadi ada za Januari?" Shule nyingi hupata fedha muhula unapofunguliwa, hivyo jibu la "ndiyo" ni jibu halali. Liandike kwenye shajara, mwache apumue, umrudie Desemba mapema kabla shule hazijafunguliwa na fedha hazijapangiwa kazi nyingine.