Maswali kwa Fundi: Chuma Kinachokaa Motoni

*Je, jua la Malindi laweza kulegeza fremu za chuma za paa langu? (Msomaji, Barani)*

Hapana. Hili nimeshalijibu zaidi ya mara moja. Paa la juani halifiki hata nyuzi 100, na chuma cha kawaida huanza kunepa karibu na nyuzi 370. Adui yako ni chumvi ya bahari. Paka rangi.

*Nondo za tanuri langu la mikate zinanepa kila baada ya miezi michache, na mzigo ni uleule. Niweke nene zaidi? (Mwokaji, Maweni)*

Mzigo ni uleule, saa za kukaa motoni ndizo zimeongezeka. Chuma baridi kikiumudu mzigo leo, kitaumudu na mwakani. Kikiwa motoni hesabu ni nyingine: kinavutika kidogo kidogo, kwa uzito ambao kikiwa baridi kisingeuhisi. Ukikiona chekundu gizani, kimeshapita nyuzi 500. Nondo nene itachelewesha tu. Jenga nguzo ya matofali katikati. Urefu ulio wazi ukipungua nusu, mkazo wa kupinda unabaki robo. Na tafadhali, usizinyooshe kwa nyundo ukazirudisha. Umbo litarudi, lakini miezi ziliyokaa motoni bado imo ndani yake.

*Nimepata mabomba ya boila kuukuu kwa bei ya skrepa. Nimeyajaza maji kwa presha, hayavuji. Niyafunge kwenye mvuke wa hoteli? (Fundi kijana, Shela)*

Usiyafunge, mwanangu. Maji baridi yamekupa habari ya siku moja. Anayekuuzia anajua bei, hajui yamekaa motoni saa ngapi kwa jumla. Mabomba ya mitambo ya umeme hupigiwa hesabu ya saa 100,000, miaka 11 na zaidi. Kwenye mvuke wa nyuzi 540, joto likizidi kwa nyuzi 10 tu, umri hupungua karibu nusu. Ndani hufanyika vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1943, bomba la mvuke la kituo cha umeme cha Springdale, Pennsylvania, lilikatika kando ya kiungo cha kuchomelea baada ya miaka 5 na kitu kazini. Huko, joto lilikuwa limegeuza kaboni ya chuma kuwa grafiti, kitu laini kama risasi ya penseli. Wapo mafundi hapa mjini wanaochomelea mabomba ya mvuke bila kuuliza yametoka wapi, na wapishi wanasimama kando yake kutwa.

*Stenlesi hainepi, kweli? (Msomaji, Lamu)*

Hunepa, ila kwa joto la juu zaidi. Muulize muuzaji ni ya daraja gani. Asipojua, usiiweke motoni juu ya kichwa cha mtu.